Milima ya Usambara Ilitupokea na Msiba Wetu

Wengi wanapoitaja Lushoto husifu baridi yake, mboga zake na mandhari yake, na sifa hizo zote ni za kweli. Lakini sisi hatukwenda Lushoto kutalii. Tulipanda milima ile kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 2018, tukiwa na masanduku mawili, godoro moja na msiba wa wiki tatu.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, Wabondei wa Muheza. Mkubwa ni muuguzi. Mdogo ni mshonaji, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama nyumbani. Mama yetu alifariki wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka huo, kwa kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu. Barua ya kazi mpya ilikuwa imekwisha kufika kabla hajaugua, ikimtaka mkubwa kuripoti katika kituo cha afya huko Lushoto tarehe 2 Mei. Mama aliisomewa barua ile, akafurahi sana, na kesho yake akaenda mtumbani akarudi na sweta moja ya kijivu. Muheza ni mji wa joto na machungwa. Mtu akinunua sweta watu humcheka. Yeye alijibu, "Lushoto kuna baridi, mwanangu. Usiende ukiwa uchi."

Tulipomaliza mazishi, mdogo alisema hawezi kubaki peke yake katika nyumba ile. Basi tukafunga mlango, tukaacha ufunguo kwa mama yetu mdogo, tukaondoka wote wawili. Sweta ilikuwa moja, nasi tukaivaa kwa zamu.

NJIA YA MLIMANI

Kutoka Muheza basi lilipita Segera na Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, karibu na reli ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Hatukuzungumza. Mombo ndipo barabara ya kwenda Lushoto inapoiacha barabara kuu. Pale chini palikuwa na joto kali, na wauza mahindi ya kuchoma na maji walilizunguka gari. Kisha likaanza kupanda.

Aliyeipita njia ile hawezi kuisahau. Ni kama kilomita 30 tu, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na maji yanasikika chini hata usipoyaona. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika. Tulipofika Soni, mahali njia ya Bumbuli inapoachana na ile ya Lushoto, tuliona maporomoko ya maji kando ya barabara, na abiria walianza kufunga madirisha. Migomba na mahindi vilikuwa vimepandwa mpaka juu kabisa ya vilima. Akina mama walikuwa wanateremka na mizigo ya kabichi na karoti kichwani, na kando ya barabara yalipangwa matenga ya nyanya yakisubiri lori la kwenda Dar es Salaam.

Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa sababu ya hewa yake, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Sisi tuliiona jioni, katika ukungu, mikaratusi imesimama kama watu waliojifunika shuka. Baridi ilituingia mifupani. Mdogo alisema, "Dada, mama alijua." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu Korogwe.

"HABARI ZA NYUMBANI?"

Tulipata vyumba viwili vya kupanga kwenye njia ya kwenda Irente. Asubuhi ya tarehe 2 Mei mkubwa alivaa gauni jeupe, akaenda kuripoti. Wenzake kazini walimpokea vizuri sana. Wakamsalimu kama ilivyo desturi yetu: "Habari za utokako? Nyumbani hawajambo? Wazazi je?" Naye akajibu, "Nzuri. Hawajambo." Baba yetu alikwisha kufariki miaka mingi, na mama alikuwa na wiki tatu kaburini Magila.

Mdogo naye jambo hilo hilo lilimpata kisimani na dukani. Waliuliza habari za nyumbani, naye akajibu nzuri. Jioni tulipokutana tuliambiana, tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza. Siku ya pili na ya tatu ikawa hivyo hivyo. Ndugu msomaji, salamu zetu za Kiswahili ni nzuri, lakini zina mtego wake: jibu linatangulia mdomoni kabla ya ukweli. Na ukishajibu "nzuri" siku ya kwanza, utaanzia wapi siku ya nane kusema kwamba umefiwa?

Pia tuliogopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka angalau siku 4 za mapumziko yenye malipo kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi. Siku zetu 4 zilikwisha kabla ya kazi kuanza. Mgeni kazini hapendi kuonekana mzito wala mwenye machozi. Kwa hiyo mkubwa alijifunza mahali pa kila dawa, majina ya vijiji na namna ya kujaza vitabu vya kituo, na akilia alilia chooni. Mdogo aliweka cherehani yake barazani, akashona sare za shule. Maisha yakaendelea. Tulipika, tulifua, nguo zilichukua siku tatu kukauka kwa ukungu, na Jumapili tulikwenda kanisani.

Lakini kati yetu palikuwa na kitu ambacho hatukukisema. Mkubwa alijiuliza moyoni, "Mdogo wangu alikuwa naye kila siku, mbona hakunipigia simu mama alipoanza kuumwa kichwa?" Mdogo naye alijiuliza, "Dada ni muuguzi, mashine ya presha imo katika mkoba wake. Mbona hakumpima mama hata mara moja?" Tulilala chumba kimoja, tulivaa sweta moja, na kila mmoja alimhukumu mwenzake gizani.

BIBI WA KLINIKI

Mwezi wa Juni baridi ya Lushoto hukaza kweli kweli. Siku moja ya kliniki ya presha na kisukari alikuja bibi mmoja wa Kishambaa, amejitanda kanga mbili na blanketi juu yake. Alizungumza Kishambaa. Kibondei na Kishambaa ni lugha za jamii moja, na mtu wa Muheza huelewa mengi. Sauti ile na maneno yale yalikuwa karibu sana na ya mama. Muuguzi alimfunga mkanda wa presha mkononi. Kipimo cha kwanza kilisoma 190 kwa 110. Akampumzisha kwa dakika tano, akapima tena, hali ikawa ile ile.

"Bibi, kichwa hakiumi?"

"Kinagonga kidogo tu. Ni uchovu wa mlima, mwanangu."

Maneno hayo hayo, "kinagonga kidogo tu", ndiyo aliyoyasema mama. Mkono wa muuguzi ulianza kutetemeka, akashindwa kuandika kwenye kadi. Bibi akamtazama kwa muda, kisha badala ya kuuliza kama wazazi hawajambo, akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, mama yako yupo?"

"Hayupo, bibi. Tumemzika mwezi wa nne."

"Na hapa ni nani waliokaa nawe?"

"Hakuna, bibi. Hawajui."

Bibi alitikisa kichwa. Alipelekwa kwa daktari, akaanzishiwa dawa, akaenda zake. Tulidhani mambo yamekwishia pale.

MATANGA YALIYOCHELEWA

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, tuliwasikia watu njiani. Mdogo alichungulia, akasema, "Dada, wanakuja kwetu." Yule bibi alikuwa mbele, na nyuma yake akina mama kama kumi na wanane. Wengine ni Walutheri wa usharika wa jirani, wengine ni Waislamu, maana Lushoto watu wa dini hizo mbili huishi ukuta kwa ukuta na huzikana. Kuni walikuja nazo, viazi, sukari, majani ya chai, na sufuria kubwa ya makande yaliyokwisha kuiva. Walitandika mikeka barazani, wakasogeza cherehani, wakaketi.

Tulisema, "Jamani, mama alizikwa zamani. Hata arobaini imepita." Bibi akajibu, "Huko kwenu imepita. Huku mlimani hatujakaa. Msiba usiokaliwa haujaisha."

Waliimba, wakaomba, na wale wasioomba kwa namna yetu waliinamisha vichwa. Kisha mama mmoja akasema, "Sasa tuambieni, huyo mama yenu alikuwa mtu wa namna gani?" Miezi miwili tulikuwa hatujaulizwa swali hilo. Tulisimulia jinsi alivyouza machungwa stendi ya Muheza mpaka akatusomesha, jinsi alivyokuwa mkali kwa uongo na mwepesi kwa kicheko, jinsi alivyonunua sweta katika joto. Wakacheka nasi tukacheka.

Hapo ndipo mdogo alipoangua kilio, akasema mbele ya wote, "Dada, mama aliumwa kichwa Jumapili tatu. Alinikataza nisikuambie. Alisema utaacha mipango ya kazi uje. Nikamtii." Mkubwa naye akasema, "Krismasi nilikuja nyumbani na mashine katika mkoba. Nilitaka kumpima. Akaniambia hapa si hospitali, kula kwanza. Nikala, nikasahau." Tulishikana pale pale juu ya mkeka. Kumbe kila mmoja alikuwa na deni lake, na wote wawili tulikuwa tumemtii mama.

Bibi hakutuambia kwamba hatukukosea. Alisema tu yale wazee wanayosema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kisha akanyoosha mkono wake kwa muuguzi. "Haya, nipime." Na akina mama wengine wakakunja mikono ya blauzi zao, mmoja baada ya mwingine. Siku ile, katika matanga ya mama yetu, tulipima presha watu kumi na wanane. Wanne walikuwa nayo juu, na katika hao wawili hawakuwahi kupimwa maishani.

Usidhani ni jambo la Lushoto peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na shinikizo la damu, na karibu nusu yao hawajui. Ndiyo maana huitwa muuaji wa kimya kimya. Kichwa cha mama yetu kiligonga mara tatu tu. Wengine hakigongi kabisa.

IRENTE

Baada ya siku ile Lushoto ilianza kuwa mahali petu. Tulianza kuiona. Tulijifunza kwamba watu wa milima hii wana historia ndefu ya kupokea wageni. Wazee husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, akaja Usambara na mbwa wake. Aliwagawia watu nyama, wakampenda, wakamfanya mtawala wao kule Vuga, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala hata Ubondei kwetu. Mgeni asiye na mtu aliketi pamoja na wenyeji, akala nao, akawa wao.

Jumamosi moja akina mama wa usharika walitualika twende nao Irente, kwenye kituo cha watoto cha Kanisa la Kilutheri. Hapo hulelewa watoto wachanga, wengi wao waliofiwa na mama zao. Tulichukua sabuni na vinguo ambavyo mdogo alivishona kwa mabaki ya vitambaa. Mtoto mmoja alimshika mkubwa kidole, hakukiachia. Tulitazamana. Sisi tulikuwa na mama kwa zaidi ya miaka arobaini. Tulimjua sauti, harufu na hasira zake. Huyu hakupata hata siku za kuhesabu. Hatukuacha kuhuzunika, lakini siku ile tulimshukuru Mungu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mama, badala ya kumlalamikia.

Kutoka hapo tulitembea hadi kwenye mwamba wa Irente. Mlima unakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini sana unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na mbele yake mbuga za Wamaasai hadi macho yanapokoma. Tulitafuta Muheza. Haionekani kutoka pale. Iko mashariki, nyuma ya milima. Mdogo akasema, "Haionekani, lakini ipo." Tulikaa kimya kwa muda mrefu, tukiikumbuka Zaburi ya 121, ile ya mtu anayeinua macho kutazama milima. Sisi tulikuwa juu ya milima hiyo hiyo, na bado tulihitaji msaada kutoka kwake yeye aliyeiumba.

TULIYOJIFUNZA

Aprili 2019 tuliteremka Muheza kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka. Tulibeba kabichi, karoti na mapeasi, na mashine ya presha ilikuwa juu kabisa ya mkoba. Kabla ya chakula tulimpima mama yetu mdogo. Alilalamika kwamba hapa si hospitali. Tukamwambia, "Mama mdogo, leo utapimwa kwanza, utakula baadaye." Ilikuwa 160 kwa 100. Alianza dawa, na hadi tunapoandika haya yu hai, na bado analalamika.

Lushoto tungali tupo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, meza huwekwa nje ya kanisa na watu hupimwa bure, na akina mama wa msikiti wa jirani nao huja. Yule bibi aliishi miaka mitatu zaidi akimeza dawa zake kila siku. Alipofariki, sisi ndio tuliotangulia kubeba kuni.

Akina mama wenzetu, tunaomba mchukue haya machache.

Kwanza, mpimeni mzazi wenu hata akikataa. Aketi ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelala sawa na moyo, asizungumze. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, aende kituo cha afya. Chumvi ipunguzwe. Na dawa akianza asiache kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Pili, mzazi akisema "usimwambie dada yako", mwambie. Na wewe dada uliye mbali, usingoje kuambiwa, uliza.

Tatu, ukihamia mahali pageni na msiba moyoni, usijibu "nzuri". Sema "tumefiwa". Hutawachosha watu, utawapa nafasi ya kukaa nawe. Yesu mwenyewe alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia pamoja na wafiwa.

Nne, ninyi mnaopokea wageni kanisani na kazini, mkimaliza kuuliza habari za nyumbani, ulizeni tena mara ya pili, taratibu, kama bibi yule alivyouliza.

Sweta ya kijivu imechakaa viwiko. Mdogo ameitia viraka mara mbili. Siku hizi tuna sweta nyingine, lakini Juni ikifika na ukungu ukishuka kutoka Magamba, tunaitoa sandukuni, na bado tunaivaa kwa zamu.

Mungu awafariji wote waliofiwa. Amina.